MIGUU YA MAFALALA, JEZI YA LISBON

Ukifuata pwani ya Cabo Delgado kutoka Pemba kwenda kaskazini, ukaviacha nyuma visiwa vya Ibo na Matemo, unafika Quiterajo kabla mto Messalo haujaingia baharini. Ni kijiji cha wavuvi. Wenyeji wake ni Wamwani, na lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, kiasi kwamba askari aliyekulia Kilwa au Mtwara hahitaji mkalimani ili aombe maji ya kunywa.  Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 havikuiacha salama Quiterajo. Kijiji kilishambuliwa zaidi ya mara moja, na watu wakakimbilia visiwani na Pemba kwa vyombo vyao vya kuvulia samaki. Lakini hata katika nchi iliyopatwa na hayo, maji yakitoka na mchanga ukawa mgumu, vijana husimika miti miwili huku na miwili kule, wakacheza kandanda mpaka bahari ije kudai uwanja wake.

Ni katika ukanda huo wa Macomia tulipowasikia askari vijana wawili, baada ya zamu yao, wakibishana juu ya mtu aliyeacha mpira kabla wao hawajazaliwa. Mmoja alishikilia kwamba Eusébio da Silva Ferreira ndiye mwana wa Msumbiji aliyejulikana duniani kuliko wote. Wa pili alilikubali jina lakini akaikataa sifa: mabao yale, kwa maoni yake, yalifungwa kwa ajili ya dola iliyokuwa ikitupa mabomu katika misitu hii hii. Ubishi haukupata mshindi. Sisi tunaona kuwa swali lao ni la kiaskari hasa, maana linahusu utii na bendera, na linastahili kujibiwa kwa kuyatazama maisha ya mchezaji huyo hatua kwa hatua, si kwa kelele.

Tuanzie karibu. Ukiipa bahari kisogo pale Quiterajo ukaingia bara, ndani ya wilaya ile ile ya Macomia, kuna mji mdogo uitwao Chai. Hapo ndipo tarehe 25 Septemba 1964 kikosi kidogo cha wapiganaji wa FRELIMO, kikiongozwa na Alberto Joaquim Chipande, kiliposhambulia boma la Wareno na kufungua vita vya ukombozi wa Msumbiji. Mwezi huo huo, tarehe 1, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limeundwa. Na katika mwaka huo huo, kijana wa Kimsumbiji mwenye umri wa miaka 22 alikuwa amemaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mara ya kwanza. Chipande alizaliwa mwaka 1939, Eusébio mwaka 1942. Ni vijana wa rika moja, wa nchi moja, chini ya mkoloni mmoja. Mmoja alishika bunduki, mwingine alipewa mpira.

Eusébio alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika kitongoji cha Mafalala, mjini Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo. Mafalala ilikuwa mtaa wa mbao na mabati, nje ya mji wa saruji waliokaa Wareno. Wasomaji wetu wa pwani watafurahi kujua kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa watu waliotoka kaskazini, Wamakua na Waislamu, waliokwenda na dini yao, ngoma zao na mavazi yao. Mshairi José Craveirinha alitoka huko. Samora Machel, alipokuwa muuguzi katika hospitali ya mji ule, aliishi huko. Kwa hiyo mtaa mmoja maskini ulitoa mshairi wa taifa, mshambuliaji mkuu wa wakati wake, na kumpa makazi rais wa kwanza wa nchi. Tunajua mitaa mikubwa ya kitajiri isiyoweza kujitapa hivyo.

Baba yake alikuwa Mzungu mfanyakazi wa reli aliyezaliwa Angola, na alifariki kwa ugonjwa wa pepopunda Eusébio akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake, Elisa, alibaki na watoto na umaskini. Mtoto alicheza pekupeku, na mpira wenyewe ulikuwa wa soksi iliyojazwa matambara na magazeti. Timu yao ya mtaani waliiita Wabrazili. Alipokwenda kujaribiwa na klabu ya Desportivo, ambayo ilikuwa tawi la Benfica ya Lisbon, hawakumtaka. Akaenda kwa mahasimu wao, Sporting ya Lourenço Marques, wakampa viatu. Waliomkataa walikuja kujuta mbele ya dunia nzima.

Hapa inafaa tueleze jinsi mambo yalivyokuwa katika makoloni ya Ureno, kwa sababu vijana wa leo hawakuyaona. Tangu mwaka 1951 Lisbon iliacha kutumia neno koloni. Msumbiji ikaitwa mkoa wa ng'ambo, na watoto wakafundishwa shuleni kwamba Ureno ni moja tangu Ulaya mpaka Timor. Jina lilibadilika, lakini kiboko kilibaki kile kile. Mwafrika wa kawaida aliwekwa chini ya sheria ya wenyeji, iliyomlazimisha kazi za shokoa na kumnyima haki za raia, mpaka sheria hiyo ilipofutwa Septemba 1961. Tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, katika nyanda za juu za Cabo Delgado hii hii, wananchi waliokusanyika kudai haki zao kwa maneno walipigwa risasi na askari wa serikali. Chipande alikuwapo, akayaona kwa macho yake. Miezi sita baadaye, Desemba 1960, ndege iliyombeba Eusébio ilitua Lisbon.

Safari yenyewe ilikuwa kama ya jasusi. Benfica na Sporting zote mbili zilimtaka, na kila moja ilidai kuwa na haki juu yake. Benfica wakamsafirisha kwa jina la bandia la kike, Ruth, na baada ya kufika wakamficha kwa muda katika hoteli moja kusini mwa Ureno mpaka ugomvi wa karatasi ulipotulia. Kijana wa miaka 18, ambaye hajawahi kuona baridi, akawekwa mafichoni kama silaha mpya ambayo adui asiione.

Bahati yake ilikuwa kwamba hakuwa peke yake. Katika Benfica alimkuta Mário Coluna, Mmsumbiji mwenzake aliyetangulia Ureno tangu mwaka 1954, kiungo mwenye nguvu aliyekuja kuwa nahodha wa kuogopwa. Husimuliwa kwamba mama Elisa alimpa mwanawe barua ampelekee Coluna, akimwomba amwangalie. Coluna akamtafutia mahali pa kuweka fedha, akamwonyesha jinsi ya kuvaa na jinsi ya kukaa na watu. Mpaka uzeeni Eusébio hakumwita kwa jina tupu; alimwita Bwana Coluna. Ndani ya uwanja nako, ikitokea penalti, macho yalimtazama nahodha kwanza. Askari wataelewa bila kuelezwa maana ya kuruta kumpata mkubwa wa aina hiyo siku ya kwanza anapoingia kambini.

Mchezo wake wa kwanza na Benfica ulikuwa wa kirafiki, tarehe 23 Mei 1961, na alifunga mabao matatu. Juni mwaka huo, mjini Paris, Benfica walipambana na Santos ya Brazil, ambayo ndani yake alikuwamo Pelé. Benfica walikwisha kulemewa vibaya kocha Béla Guttmann alipomtoa benchi kijana huyo. Katika muda mfupi wa kipindi cha pili akapachika mabao matatu. Santos walishinda 6-3, lakini watu walitoka uwanjani wakiulizana yule mgeni ni nani.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza tena. Tarehe 2 Mei 1962, mjini Amsterdam, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya, Real Madrid ya Puskás na Di Stéfano iliongoza 3-2 mpaka mapumziko, na mabao yote matatu ni ya Puskás. Kipindi cha pili Coluna alisawazisha, na Eusébio akafunga mawili. Benfica 5, Real Madrid 3. Mwisho wa mchezo alimwendea Di Stéfano, ambaye alikuwa shujaa wake wa utotoni, akamwomba jezi. Alikuwa na miaka 20.

Sasa tumlete mtu wa pili wa habari hii, maana bila yeye hatuwezi kuupima utii wa Eusébio kwa haki. Mwaka huo wa 1962 waandishi wa michezo wa Ulaya walipopiga kura ya kumtafuta mchezaji bora wa bara lao, Eusébio alikuwa wa pili. Aliyemshinda alikuwa askari.

Jina lake ni Josef Masopust, Mcheki, kiungo wa timu ya Dukla ya Prague. Dukla ilikuwa timu ya jeshi la Chekoslovakia. Ilianzishwa mwaka 1948 kwa jina jingine, na mwaka 1956 ikapewa jina la njia ya mlimani ambako katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1944 Jeshi Jekundu na kikosi cha Wachekoslovakia walipigana vita vikali na Wajerumani, na maelfu wakafa. Kuipa timu ya mpira jina la uwanja wa vita si jambo geni kwetu wa Afrika. Klabu ya jeshi la Msumbiji, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1987 na 1990, inaitwa Matchedje, kwa jina la mahali katika mkoa wa Niassa ambako FRELIMO ilifanya Mkutano wake Mkuu wa Pili mwaka 1968, vita vikiendelea.

Mfumo wa Dukla ulikuwa rahisi kuueleza, na mashabiki wa klabu nyingine waliuchukia. Kijana wa Kicheki alipofikia umri wa kutumikia jeshi, hakuwa na hiari. Na kama alijua kucheza mpira vizuri, jeshi lilijua hivyo mapema. Masopust aliingia kwa njia hiyo mwaka 1952, akitoka klabu ya Teplice. Akaendelea kubaki, akawa ofisa, akatwaa ubingwa wa nchi mara nane. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1962 mjini Santiago, ndiye aliyewafungia Wachekoslovakia bao la kwanza kabla Brazil hawajageuza mambo na kushinda 3-1.

Machi 1963 droo iliwakutanisha Benfica na Dukla katika robo fainali ya Klabu Bingwa. Benfica walishinda Lisbon 2-1, na mchezo wa marudiano Prague ulikwisha bila bao. Kabla ya mchezo huo wa Prague, Masopust alikabidhiwa mpira wake wa dhahabu hapo hapo uwanjani, bila hotuba ndefu, na miongoni mwa waliompa mkono wa pongezi alikuwa Eusébio. Baadaye Masopust alisimulia kwamba baada ya mchezo aliutia mpira wa dhahabu katika mkoba wake wa mazoezi, akapanda tramu, akarudi nyumbani. Tunakiri kwamba habari hiyo inatupendeza kuliko sherehe zote za zawadi tulizopata kuziona.

Walikutana tena kwa niaba ya mataifa. Katika michezo ya kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 1966, Ureno na Chekoslovakia zilikuwa kundi moja. Wachekoslovakia walikuwa washindi wa pili wa dunia. Ureno haikuwa imewahi kufika huko hata mara moja. Tarehe 25 Aprili 1965, mjini Bratislava, Wareno walimpoteza mchezaji aliyeumia, na siku zile hapakuwa na ruhusa ya kuingiza wa akiba. Wakacheza kumi. Eusébio akafunga bao moja, na hilo moja likatosha. Chekoslovakia walibaki nyumbani, Ureno wakaenda Uingereza.

Kule Uingereza, Julai 1966, ndiko jina la Eusébio lilikoandikwa kwa wino usiofutika. Katika kikosi cha Ureno walikuwamo wanne waliozaliwa Msumbiji: Coluna aliyekuwa nahodha, Hilário na Vicente waliokuwa walinzi, na yeye. Hungaria walifungwa 3-1, Bulgaria 3-0. Brazil, mabingwa wa dunia mara mbili mfululizo, walifungwa 3-1, Vicente akimwandama Pelé na Eusébio akifunga mabao mawili.

Kisha ikaja tarehe 23 Julai, uwanja wa Goodison Park, Liverpool, dhidi ya Korea ya Kaskazini. Wakorea walikuwa wamewatoa Italia, na dunia ilidhani ni bahati. Haikupita dakika moja wakafunga. Dakika ya 22 la pili, dakika ya 25 la tatu. Timu nyingi zikifungwa matatu katika dakika 25 huanza kulaumiana. Mabeki humtazama golikipa, golikipa huwatazama mabeki. Eusébio alifunga la kwanza dakika ya 27, na badala ya kushangilia akaingia ndani ya nyavu, akaubeba mpira mkononi, akakimbia nao mpaka katikati ya uwanja. La pili kwa penalti, kabla ya mapumziko. La tatu dakika ya 56. Dakika tatu baadaye alitoka mbali upande wa kushoto, akawapita wawili, na ndani ya eneo la hatari akakatwa mguu kwa ukatili. Alilala chini akiugulia. Halafu akainuka, akauweka mpira yeye mwenyewe penye alama, akafunga la nne. José Augusto akaongeza la tano. Wako makamanda wanaofundisha darasani maana ya kutopoteza shabaha wakati mambo yameharibika. Sisi tungependa waonyeshe filamu ya mchezo huo, kisha wakae kimya.

Nusu fainali ilipangwa Liverpool, ikahamishiwa Wembley, London, kwa faida ya wenyeji. Nobby Stiles alipewa kazi moja tu, kumfuata Eusébio kila aendako. Bobby Charlton alifunga mawili. Penalti ya Eusébio dakika ya 82 ilikuwa imechelewa. Alitoka uwanjani akilia, akijifuta machozi kwa jezi. Wareno waliuita mchezo ule mchezo wa machozi. Siku mbili baadaye aliwafunga Warusi kwa penalti, langoni akiwa Lev Yashin, na Ureno wakawa wa tatu. Mabao tisa, mfungaji bora wa mashindano. Ureno haijapata kushika nafasi bora zaidi katika Kombe la Dunia.

Machozi hayo yalikuwa ya nani? Hapa ndipo yule askari wa pili wa Macomia anapoweka kidole chake. Na lazima tumpe haki yake, kwa maana serikali ya Salazar haikuiona miguu ya Eusébio kama miguu tu. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiishutumu Ureno kwa vita vyake Angola, Guinea na Msumbiji. Nayo Ureno ilikuwa na jibu lililovaa jezi nyekundu namba 13: mtazameni, Mwafrika ndiye shujaa wetu, mnasemaje kwamba tunawabagua? Waafrika wanne ndani ya timu moja walikuwa hoja yenye nguvu kuliko hotuba ya balozi yeyote. Naye aliitwa jeshini kama kijana mwingine yeyote wa Kireno, akavaa sare, akapigwa picha nayo. Vitani hakupelekwa; picha ilitosha.

Lakini mtu anayetumiwa hivyo, je, alikuwa na njia ya kukataa? Klabu za Italia zilimtaka kwa fedha ambazo hangeweza kuzipata Lisbon hata angefunga mabao elfu. Eusébio mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Salazar alizuia asiuzwe nje, kwa hoja kwamba yeye ni mali ya taifa. Baada ya Kombe la Dunia la 1966 Inter ya Milan ilimkaribia tena, lakini Italia, kwa hasira ya kufungwa na Wakorea, wakafunga mlango kwa wachezaji wa kigeni. Mali ya taifa: neno hilo lina heshima likisemwa juu ya jengo au bandari. Likisemwa juu ya binadamu, mtu wa Msumbiji aliyesikia habari za babu zake analijua kwa jina jingine.

Na Masopust je? Ulaya nzima ilimjua, na asingekosa klabu ya kumlipa vizuri. Ruhusa ya kwenda nje aliipata mwaka 1968, akiwa na miaka 37, akaenda kumalizia miguu yake Ubelgiji. Serikali yake ilikuwa ya kikomunisti, ya Eusébio ilikuwa ya kifashisti, na zilitukanana kila siku redioni. Juu ya wachezaji wao zilielewana kabisa. Tofauti, na kwetu ni tofauti kubwa, ni kwamba Masopust alilitumikia jeshi la nchi yake mwenyewe. Nchi ya Eusébio, ile hasa ya kwake, haikuwa na jeshi ila lile la msituni, lililofunzwa Kongwa na Nachingwea na kuvuka Ruvuma usiku.

Nalo jeshi hilo lilikuwa likipigana na watu wa namna gani? Wengi wao walikuwa vijana wa vijijini wa Kireno, watoto wa wakulima wasio na ardhi, walioletwa kwa meli miezi mingi kutoka kwao. Askari wa namna hiyo, amelala katika kambi ya Mueda akiogopa bomu lililofukiwa njiani, alikuwa na faraja chache: barua, mvinyo, na redio iliyotangaza mchezo wa Benfica. Basi fikiri, ndugu msomaji: Mreno aliye Cabo Delgado kumwua Mmsumbiji anaruka kwa furaha kwa sababu Mmsumbiji amefunga bao Lisbon. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alileta askari wapatao 35,000 katika operesheni ya kuing'oa FRELIMO kutoka nyanda za juu za Wamakonde, na hakuing'oa. Misimu hiyo yote miwili ligi ya Ureno iliendelea, na mwaka 1970 mfungaji bora alikuwa Eusébio tena.

Tumeyapima hayo yote, na hukumu yetu ni kwamba yule askari wa pili anakosea katika jambo moja. Anamdai mchezaji deni la mwanasiasa. Eusébio hakutia sahihi amri yoyote wala hakuhutubia kuutetea ukoloni. Alifanya kazi aliyoijua, mahali alipopelekwa akiwa na miaka 18, chini ya watu waliomzuia kuondoka. Lakini na wa kwanza naye asifurahi upesi. Sifa ya Eusébio haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na ya wale walioshambulia boma la Chai. Wao walichagua, wakijua watakufa. Yeye hakupewa la kuchagua, na baadaye, alipoweza kuchagua, alibaki Lisbon. Hilo nalo ni haki yake, ila tusiliite kwa jina lisilo lake.

Kazi yake ya uwanjani iliendelea mpaka goti likakataa. Mwaka 1968 alipewa kiatu cha dhahabu cha kwanza kabisa kutolewa kwa mfungaji bora wa ligi za Ulaya, kwa mabao 42. Mwaka 1973 alikipata tena kwa mabao 40. Mara saba alikuwa mfungaji bora wa Ureno, mara kumi na moja bingwa na Benfica. Katika fainali ya Ulaya ya mwaka 1968 Wembley, dhidi ya Manchester United, matokeo yakiwa 1-1 na muda ukiyoyoma, alipiga mkwaju ambao ungemaliza mchezo. Golikipa Alex Stepney akaudaka. Eusébio alisimama akampigia makofi. Benfica wakafungwa 4-1 katika muda wa nyongeza. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mara sita, na mara nyingi aliingizwa uwanjani kwa sindano ya kuua maumivu, kwa kuwa watazamaji walikuwa wamelipa kumwona yeye. Kwa Benfica alicheza michezo rasmi 440 na kufunga mabao 473. Kwa timu ya taifa ya Ureno michezo 64, mabao 41.

Kisha tarehe 25 Aprili 1974, miaka tisa kamili tangu lile bao la Bratislava, maofisa vijana wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita visivyoshindika, waliipindua serikali yao. Tarehe 7 Septemba mkataba ulitiwa sahihi Lusaka. Tarehe 25 Juni 1975 bendera ya Msumbiji huru ilipandishwa, na Chipande, kamanda wa Chai, akawa waziri wa kwanza wa ulinzi. Mwaka huo huo Eusébio, mwenye miaka 33, aliachana na Benfica. Mlango wa kwenda nje, uliofungwa alipokuwa na nguvu, ulifunguliwa goti likiwa bovu. Alikwenda Marekani, akachezea Boston, akapita Meksiko, akawa bingwa na timu ya Toronto ya Kanada mwaka 1976 baada ya kufunga bao katika fainali kwa mkwaju wa adhabu. Alimalizia katika timu ndogo ndogo ambazo wapenzi wake wengi hawazijui hata kwa majina.

Coluna alifuata njia nyingine. Nahodha wa Ureno wa mwaka 1966 alirudi Msumbiji huru, akafundisha mpira, akaliongoza shirikisho la kandanda la nchi yake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alikuwa amevaa ile jezi. Eusébio, kwa upande wake, alibaki balozi wa Benfica, na nje ya uwanja wao sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1992, akiwa hai na akipita mbele yake kwenda kutazama mchezo.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014, na serikali ya Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo. Bwana Coluna alimfuata tarehe 25 Februari, mjini Maputo. Josef Masopust, ofisa wa Dukla, alifariki Prague tarehe 29 Juni 2015. Siku nne baadaye, tarehe 3 Julai, jeneza la Eusébio lilitolewa makaburini na kupelekwa kwa msafara katika Pantheon ya Taifa ya Ureno, mahali wanapolala marais na waandishi wakuu wa nchi hiyo. Ndiye mchezaji wa mpira wa kwanza kuzikwa humo.